Chevelle ya 1970, 307 imechoka: 350 ya Vortec, 5.3 ya LS, au 454?

Kibanda_cha_V8:
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Chevelle Malibu ya 1970, iko California. Injini ya asili ni 307 (namba hizi ni ujazo kwa inchi za ujazo), inakula oili na silinda mbili kompresheni imekufa. Gia boksi ni TH350 (otomatiki ya gia tatu), difu ni la bolti 10 la inchi 8.2 lenye uwiano wa 3.36, mbele kuna breki za diski. Ni gari la wikendi na safari ndefu za barabara kuu, mashindano hayamo. Machaguo matatu:

1. 350 ya Vortec (L31) kutoka pikapu ya 1996–2000, ifungwe kabureta
2. Lita 5.3 ya familia ya LS (LM7) kutoka pikapu ya 1999–2007, ibaki na injekta zake
3. 454

Bei ya injini yenyewe inajulikana. Ninachoomba ni orodha ya vinavyoguswa pembeni, maana hela huishia huko.

Taimingi:
Mkuu, jambo jema ni kwamba 307 haina wakusanyaji wanaoililia. Ingekuwa SS (toleo la michezo) yenye 396 ya asili, ningesema usiguse kwanza. Na ukaguzi wa moshi wa California hauhusu gari la 1975 kurudi nyuma, kwa hiyo yote matatu yanawezekana.

Kwa gari lako ningechukua L31. Maunti zako zinaingia kwenye bloku bila adapta, TH350 inabaki, propela shafti haiguswi. Tapeti zake ni za rola, kwa hiyo kemshafti haihitaji kule kuzoezwa kwa mizunguko 2,000 siku ya kwanza. Silinda hedi zake (namba 906 au 062) zinapitisha hewa vizuri kuliko karibu kila hedi ya chuma iliyotoka kiwandani kwa injini ndogo ya Chevrolet kabla yake.

Watu wengi wanakwama hapa:

Flekspleti (bamba linalounganisha kranki na torki konveta) ya 307 haifungi. Kuanzia 1986 kranki ina oil sili ya nyuma ya kipande kimoja, duara la bolti ni dogo zaidi, na flekspleti inabeba uzito wa kusawazisha. Nunua ya 1986 na kuendelea. Hesabu meno, 153 au 168, kisha stata ilingane nayo. Ukilazimisha flekspleti isiyo na uzito, injini itatetemeka hadi utadhani maunti zimekatika.

Manifoldi ya juu ya 307 nayo haifungi. Ile ina bolti 12, ya Vortec ina 8 na zimesimama wima. Edelbrock 2116 inafanya kazi hiyo. Hedi za Vortec hazina njia ya joto la ekzosi chini ya kabureta, kwa hiyo tumia choki ya umeme.

Distribyuta ya zamani usiihamishe bila kuangalia gia yake ya chini. Kemshafti ya rola ni ya stili, na gia ya chuma cha kawaida inalika, unga wake unaingia kwenye oili. Tafuta gia iliyotiwa ugumu mahususi kwa kemshafti za rola.

Bloku nyingi za L31 hazikuchongwa sehemu ya pampu ya petroli ya kimakanika. Weka pampu ya umeme ya presha ya paundi 5 hadi 6 (psi), karibu na tangi na chini kadiri inavyowezekana. Ikizidi 7, sindano ya kabureta inashindwa kufunga na petroli inamwagika juu ya manifoldi.

Pampu ya maji ya pikapu inazunguka kinyume kwa sababu ya mkanda wake mmoja mrefu. Hamisha pampu na puli zako za 307. Kifuniko cha mbele cha plastiki hakina alama ya taimingi. Pata kinachoendana na bloku ya rola, au weka alama mwenyewe baada ya kuhakikisha pistoni namba 1 iko juu kabisa.

Ukija kubadili kemshafti, angalia vali inafunguka kiasi gani. Hedi hizi zikivuka takriban inchi 0.460, kikombe cha springi kinagonga sili ya vali. Lazima zichongwe kwanza.

Fundi_Waya:
Yote sawa, ila Taimingi anakupa injini ya miaka ya tisini yenye kabureta. Kwa safari ndefu LM7 inashinda: inawaka asubuhi bila kubembelezwa, inanywa kidogo, na farasi 270 hadi 295 ni za kipimo cha neti. 307 yako ilitangazwa farasi 200 za grosi, zilizopimwa bila ekzosi kamili wala mizigo ya mkanda. Usilinganishe namba za kabla ya 1972 na za sasa.

Yadini angalia herufi ya 8 ya VIN (namba ya utambulisho wa gari): T ni LM7, B ni L33 yenye bloku ya alumini, na hiyo ukiikuta usiiache. Hakikisha ni kizazi cha tatu: sensa ya kemshafti iko nyuma ya injini na sensa za kugonga ziko bondeni chini ya manifoldi. Kizazi cha nne mara nyingi kina mfumo wa kuzima silinda 1, 4, 6 na 7, na tapeti za silinda hizo ndizo zinazokufa. Hedi za 706 zenye nembo ya Castech zipimwe nyufa kabla ya kulipa, zinajulikana kuvujisha maji kuingia kwenye oili.

Vinavyoguswa:

Sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ya pikapu inaning'inia chini mno. Nunua Holley 302-2 au ya aina hiyo pamoja na bomba lake la kunyonya. O-ringi ya bomba hilo ipakwe oili na iingizwe taratibu, bolti Nm 12. Ikikatika, pampu inavuta hewa, tapeti zinalia na presha inashuka oili ikipata moto. Utaishusha injini tena kwa kipande cha raba.

Maunti. Adapta za bamba. Zipo za kurudisha injini nyuma kwa vipimo tofauti, kwa hiyo chukua adapta, sampu na hedasi (mabomba ya ekzosi) za kampuni moja. Ukichanganya, hedasi zinagusa stelingi boksi.

Mkanda wa mbele. Kompresa ya AC ya pikapu iko chini kulia na inagonga chesisi. Weka bracketi ya kuipandisha, usikate chesisi bure. Puli za Corvette, Camaro na pikapu zina kina tofauti, haziingiliani.

Petroli. Paundi 58. Tangi lenye pampu ndani na kuta za kuzuia petroli isikimbie kwenye kona, filta ya Corvette ya 1999–2003 yenye regulata ndani, na hozi za daraja la injekta tu. Hozi ya kabureta kwenye paundi 58 ni moto unaosubiri cheche.

Maji. Yale matundu madogo ya mvuke juu ya hedi yapelekwe juu ya radieta au kwenye pampu. Anayeyaziba anabakiza hewa nyuma ya hedi, na geji haitamwonyesha.

Kompyuta. Ulinzi wa wizi ufutwe, la sivyo itawaka na kuzima papo hapo. Kama ni ya 2003 kuendelea yenye pedali ya umeme, chukua pedali, kisanduku chake na throtili kutoka gari lile lile. Waya ya ignisheni inayolisha kompyuta iwe na umeme na wakati stata inazunguka. Waya ya redio haifai, huzima pale pale unapowasha. Ethi ni mbili kutoka nyuma ya hedi, moja kwenda chesisi na moja kwenye bodi. Takometa ya zamani itasoma kinyume na ukweli kwa sababu kompyuta inatoa ishara ya silinda 4. Weka resista ya kilo-omu 5 hadi 10 kwenda volti 12 kisha rekebisha ishara kwenye programu.

BlokuKubwa454:
Nimesoma vizuri. Hamtaki 454 kwa sababu hamjaisikia ikivuta kutoka mizunguko 1,500.

Hata hivyo, nitasema ukweli wake. Ina uzito wa kama kilo 310 dhidi ya 260 za 350, na uzito huo wote umekaa pua. Springi za mbele lazima zibadilishwe. Vibeba maunti vya kwenye chesisi si vile vya injini ndogo. Inataka radieta kubwa na kava ya feni. Balansa na flekspleti ni za 454 pekee, kwa sababu inasawazishwa kwa nje, tofauti na 396, 402 na 427. TH350 inafunga, ila ningeijengea klachi bora au niweke TH400.

454 ya zamani ina kemshafti ya tapeti bapa. Oili yenye zinki ya kutosha, na ikiwaka tu ipande mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 hadi 30, usiiache ikae sailensa. Ukikosea hapo, kemshafti imelika kabla gari halijatoka karakana.

Ukitafuta vipuri, LS6 ya 1970 ni hiyo 454 ya farasi 450 za grosi. LS6 ya 2001 ya Corvette Z06 ni kitu kingine kabisa. Wauzaji wanachanganya kila siku.

Kibanda_cha_V8:
Fundi_Waya, nikichukua LM7, TH350 inaweza kubaki?

Fundi_Waya:
Inaweza. Kengele ya gia boksi (sehemu yake ya mbele) inafunga, ila tundu moja la juu halina mwenzake kwenye bloku. Kranki ya LS iko ndani zaidi kwa inchi 0.400, kwa hiyo weka spesa ya kiasi hicho na bolti ndefu. Ukiisahau, torki konveta haikai kwenye kitovu cha kranki na sili ya mbele ya gia boksi itavuja kwanza. Kebo ya TH350 ya kushusha gia inahitaji bracketi ya throtili. Kompyuta iandikwe kama gari la gia za mkono.

DadaTorki:
Nyote mnapigania injini na gari lina difu la 3.36. Kwa tairi la kipenyo cha inchi 26, TH350 kwenye maili 70 kwa saa inazungusha karibu 3,000. Ukifunga 4L60E (otomatiki ya gia nne) yenye gia ya mwisho ya 0.70, inashuka hadi 2,100. Tofauti hiyo mtu anaisikia kwenye safari ya saa nne kuliko farasi 50 zaidi.

4L60E ni ndefu kuliko TH350 kwa takriban inchi 3: sogeza krosimemba nyuma, fupisha propela shafti, na tafuta ishara ya speedometa kwa sababu haina kebo. 200-4R, nayo otomatiki ya gia nne, ina urefu wa TH350 yenye mkia mfupi, kwa hiyo propela shafti inabaki, na inafaa nyuma ya L31. Lakini kebo yake ya throtili lazima ipimwe kwa geji ya presha. Ikilegea, klachi zinaungua ndani ya safari moja.

Difu la inchi 8.2 litavumilia LM7 au L31 kwa tairi za kawaida. Kwa 454 weka bajeti ya difu la bolti 12 siku hiyo hiyo.

Taimingi:
Kwa hesabu hiyo ya DadaTorki, L31 pamoja na 200-4R. Waya moja ya pampu, moja ya distribyuta, moja ya choki.

Kibanda_cha_V8:
Asanteni. Nimeegemea LM7 na 4L60E, bodi itakuwa wazi kwa ajili ya kutu ya sakafu, na waya za zamani zinabadilishwa hata hivyo. Siku ya kwanza ya kuwasha, utaratibu ukoje?

Fundi_Waya:
Toa plagi zote, ondoa fyuzi za injekta na koili. Funga geji ya kimakanika, usiamini ya dashibodi. Zungusha stata kwa vipindi vya sekunde 10 hadi presha ionekane. Isipoonekana, jaza oili kwa pampu ya mkono kupitia tundu la njia ya oili mbele kushoto ya bloku, usiendelee kuichosha stata. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, kagua kila kiungo cha petroli kwa tochi kikiwa na paundi 58. Rudisha plagi na fyuzi, washa. Kiwango cha chini cha presha cha GM (kampuni mama ya Chevrolet) oili ikiwa moto ni paundi 6 kwa mizunguko 1,000, 18 kwa 2,000 na 24 kwa 4,000. Ikiwa chini ya hapo, zima, rudi kwenye ile o-ringi.