Naomba ushauri: barua za baba kutoka vita vya Kagera

Habari zenu ndugu zangu. Marehemu baba alikuwa askari wa JWTZ katika vita dhidi ya Idi Amin. Ameacha barua alizomwandikia mama kuanzia mwishoni mwa 1978, majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera, hadi baada ya Kampala kuanguka Aprili 1979. Ile ya Masaka ndiyo hunitoa machozi: vita havitaji kabisa, anauliza kama shamba limelimwa na kama mtoto ameanza kutembea.

Sasa karatasi zimekuwa za manjano, zinakatika kwenye mikunjo, na wino unafifia. Kaka anataka tuzipeleke stesheneri zikapigwe lamineshen. Mimi naogopa, maana plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto haibanduki tena. Nafikiria tuzipige picha, kisha zenyewe tuzikabidhi Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mama anasita. Mle mna maneno ya mke na mume, na ana haki.

Mliowahi kuhifadhi nyaraka za wazee, nizitunze vipi kwa joto hili la Tanga? Na je, tunaweza kukabidhi baadhi tu, nyingine zibaki kwa mama?