Naomba ushauri: kupanda Overlook Mountain na bi mkubwa

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nipo Bronx, New York, bi mkubwa wangu kaja kunitembelea kutoka Tanga ana miaka 63, sasa kuna mshkaji kazini kanipigia debe sana mlima wa Overlook kule Woodstock nami nikaropoka mbele ya mama, basi kila siku ananiuliza tunaenda lini.

Nilivyosoma, njia ni kama kilomita 4 kwenda tu, kimo cha mlima mita 950 na kitu toka usawa wa bahari, ni barabara pana ya kokoto ndani ya msitu ila ni mwinuko mwanzo mwisho. Karibu na kileleni kuna gofu la hoteli ya zamani, halafu juu kabisa ndo ule mnara wa chuma wa kuangalizia moto wa msituni, mita 18 hivi, ngazi zake nyembamba na upepo unapiga haswa.

Mama kwa kutembea simuwazii, kazoea milima ya Lushoto tangu utotoni, shida ni magoti wakati wa kushuka. Waliowahi kwenda, mlitumia masaa mangapi? Fimbo inasaidia au ni mzigo tu? Na kuna hawa nyoka wa manyanga (rattlesnake, wenye sumu, wanaotikisa mkia ukalia), nasikia wapo kweli na mabango ya tahadhari yamewekwa, mama sijamwambia hilo bado 😅 Je tukisubiri Oktoba majani yakigeuka rangi baridi itakuwa kali kwake? Paki nayo inajaa mapema wikiendi au?