Mjadala: Farasi akikutwa na dawa baada ya mbio, mkufunzi peke yake ndiye wa kubeba mzigo?

Mleta mada, Ngamiani

Waungwana, nalileta hapa jambo lililotuweka barazani juzi mpaka adhana ya isha. Kijana wetu mmoja alikuwa amebeti mbio za farasi za nje, farasi wa kweli, si wale wa kompyuta wanaokimbia kila baada ya dakika chache kwenye televisheni za vibandani. Farasi wake akaja wa pili. Mwenzake akampoza moyo: usiichane tiketi, wa kwanza akikutwa na dawa utalipwa wewe. Kijana akaikunja tiketi vizuri, akaitia mfukoni, akaamini.

Hatalipwa. Tarehe 1 Mei 2021, katika uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, Marekani, farasi Medina Spirit alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa kuliko zote nchini mwao, akimtangulia Mandaloun kwa nusu ya urefu wa farasi. Sampuli yake ikakutwa na betamethasone, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu ya viungo. Ikapimwa, ikabishaniwa, mawakili wakaingia. Februari 2022 ndipo wasimamizi walipomvua ushindi, na fungu la mshindi, dola milioni 1.86, likaenda kwa wenye Mandaloun. Mkufunzi Bob Baffert akafungiwa siku 90 na kutozwa faini ya dola 7,500. Medina Spirit mwenyewe hukumu ilimkuta ameshakufa. Alianguka Desemba 2021 akiwa mazoezini Santa Anita, California.

Na waliompa pesa zao Mandaloun? Hawakupata kitu. Kwenye kubeti kinacholipiwa ni matokeo yaliyotangazwa siku ile ile. Mwenye farasi wa pili alipata haki yake baada ya miezi tisa, mwenye tiketi ya farasi huyo huyo hakuipata wala hataipata. Hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Sasa mada. Karibu kila nchi yenye mbio hizi inafuata kanuni moja: mkufunzi ndiye mdhamini wa hali ya farasi wake. Dawa ikikutwa mwilini, haiulizwi kwanza nani kaitia. Anayejibu ni yeye. Mimi naona kanuni hiyo ina maana yake na ibaki. Lakini nasema pia kwamba imewapa waandaaji wa mbio mahali pa kujifichia. Lawama yote ikishawekwa mabegani mwa mtu mmoja, nani atahangaika kuuliza banda lililindwa vipi usiku wa kuamkia mbio?

Tazameni kilichotokea Doncaster, Uingereza, Septemba 1990. Farasi wawili, Bravefoot na Norwich, walikimbia ovyo kabisa. Vipimo vikaonyesha acepromazine, dawa ya kumtuliza mnyama. Hapo dawa haikutiwa ili farasi ashinde, ilitiwa ili ashindwe, na anayefaidi farasi akishindwa si mkufunzi wake. Baadaye Dermot Browne, aliyewahi kuwa joki (mpanda farasi wa mbio) na mkufunzi, alikiri kwamba alikuwa akipenya mabandani kuwachoma sindano farasi wa watu, na mwaka 2002 akafungiwa miaka 20. Mtu wa nje kaingia, kafanya alichotaka, katoka. Angekuwa hakukiri, mpaka leo wakufunzi wasio na kosa wangekuwa wanatazamwa kwa jicho la pembeni.

Vipimo vya baada ya mbio vinamlinda mwenye farasi. Anayebeti hana kinga nyingine ila ulinzi wa kabla ya mbio. Karibuni, semeni yenu.

Mchangiaji, Makorora

Kaka, umeanza vizuri lakini naona unamtafutia mkufunzi pa kutokea. Mimi nabeti, wala sifichi, na nimefuatilia mambo haya. Kila anayekamatwa wimbo ni ule ule: mafuta ya kupaka, chakula kilichochafuka, mtu kaingia usiku. Baffert alianza kwa kukana kwamba farasi wake aliwahi kutibiwa kwa dawa hiyo. Siku chache baadaye ikawa ni mafuta ya kutibu ngozi.

Halafu huo ulinzi unaoutaka ungemzuia nani? Mwaka 2013 Mahmood Al Zarooni alikuwa mkufunzi wa Godolphin huko Newmarket, Uingereza, mabanda ya Sheikh Mohammed wa Dubai, watu wasiokosa pesa ya walinzi. Farasi kadhaa wakakutwa na dawa za kujenga misuli. Nani aliwapa? Mkufunzi mwenyewe, akakiri, akafungiwa miaka minane. Kikulacho ki nguoni mwako. Utaweka walinzi getini, na mwenye ufunguo ndiye mwizi.

Kanuni ikilegezwa kidogo tu, kila mmoja atatokea kwenye ufa huo huo. Mkufunzi anakula sehemu ya ushindi, basi ale na hasara.

Mchangiaji, Pongwe

Mimi nina duka la dawa za mifugo na ng'ombe wawili wa maziwa, nitasema ninalolijua. Ndugu wa Makorora, usizichukulie zote kuwa hadithi za kutungwa.

Medina Spirit alikutwa na pikogramu 21 kwa mililita. Pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Mashine za siku hizi zinaona vitu ambavyo zamani hakuna aliyejua kuwa vipo. Wakati mwingine kweli ni chakula. Mwaka 2018 Justify, farasi wa Baffert huyo huyo, alikutwa na scopolamine baada ya Santa Anita Derby. Scopolamine inatoka kwenye mnanaha, huu huu unaoota majalalani kwetu, wenye tunda la miiba. Wasimamizi wa California wakasema umechanganyika kwenye malisho, wakaifunga kesi kimya kimya, farasi akaendelea mpaka akachukua mataji yote matatu makubwa. Watu walikuja kujua mwaka 2019. Mimi naamini mnanaha unaweza kuingia kwenye nyasi, nimeuona kwa macho yangu. Kosa lao ni kuamua mlango ukiwa umefungwa.

Linganisheni na Estimate, farasi wa Malkia Elizabeth. Mwaka 2014 alikuja wa pili kwenye Gold Cup ya Ascot, akakutwa na mofini, na chanzo kikaonekana ni chakula. Jambo lilitangazwa hadharani na nafasi ya pili alinyang'anywa, Malkia au si Malkia.

Hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye maziwa. Asubuhi unapeleka kopo lako kituoni, mpokeaji anachota kidogo, anachanganya na spiriti, anatikisa. Yakishika mabonge, kopo linarudi nyumbani. Haulizi nani amekamua. Umemtibu ng'ombe ugonjwa wa kiwele na siku za kungoja hazijaisha, maziwa hayapokelewi, hata kama aliyeyaleta ni kijana wa kazi ambaye hakuambiwa. Lakini hakuna anayekuita mhalifu siku hiyo. Unakataliwa maziwa, basi. Wakigundua unachanganya kwa makusudi, hapo ndipo yanafuata mengine.

Kwa hiyo mimi natenganisha. Matokeo yafutwe hata kama hakuna mkosaji. Mtu aadhibiwe kosa lake likithibitika. Mkiviweka vyote chungu kimoja ndipo mtu wa pikogramu 21 anatajwa sawasawa na muuza sumu.

Mchangiaji, Chumbageni

Mimi ni mlinzi wa ghala, kazi ya usiku, miaka mingi. Nimewasoma wote na nashangaa hakuna aliyeuliza swali la kwanza la kazi yetu: mlinzi analipwa na nani?

Ghala ninalolinda, mwenye mali ananilipa nilinde mali yake. Mzigo ukipungua najibu mimi. Kuna daftari, kila anayeingia anaandika jina, saa, anakwenda kumwona nani, na akitoka anaandika tena. Usiku hakuna "mimi nafahamika hapa". Anayefahamika ndiye wa kuandikwa mapema zaidi, maana mgeni kila mtu anamtazama.

Huko kwenye farasi, kama mlinzi wa banda analipwa na mkufunzi, atamlinda farasi dhidi ya watu wa nje, sawa, lakini nani atamlinda farasi dhidi ya mkufunzi? Ndugu wa Makorora ana haki kuhusu Godolphin. Ila jibu lake si kuacha kulinda. Mlinzi alipwe na mwandaaji wa mbio, na daktari wa mifugo aandike kwenye daftari kila sindano anayoingia nayo, jina la dawa na saa. Mlango bila daftari mimi siuiti mlango.

Mchangiaji, Sahare

Vijana, mimi mzee nasema jambo moja nitoke. Kamari ni kamari. Mnapoteza usiku kujadili jinsi ya kuilinda kamari iwe safi. Badala ya kumpa huyo kijana haki ya tiketi, mwambieni asinunue tiketi.

Mleta mada, Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, na kwa upande wa dini sina la kukupinga. Lakini nisaidie kwenye hili: tukiiacha kamari pembeni kabisa, farasi anabaki. Dawa ya kuua maumivu inamfanya akimbie kwa mguu uliopasuka bila kujua, na mpanda farasi yuko juu yake. Mnyama hana ulimi wa kusema amechomwa nini. Huyo naye ana haki kwetu.

Dada wa Pongwe, kutenganisha matokeo na hatia kumenikaa vizuri, nakubali. Mlinzi wa Chumbageni umenitangulia kwenye nilichotaka kusema.

Sasa nikujibu wewe ndugu wa Makorora. Unategemea kanuni na vipimo. Machi 2020 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu zaidi ya ishirini wa mbio za farasi kwa mambo ya kuwapa farasi dawa, wakiwamo wakufunzi Jorge Navarro na Jason Servis. Navarro alihukumiwa miaka mitano, Servis minne, na daktari wa mifugo Seth Fishman aliyekuwa akitengeneza dawa za namna hiyo akapata kumi na moja. Jinsi walivyonaswa ndiyo ninayotaka uitazame: maofisa wa FBI walikuwa wakisikiliza simu zao. Dawa zenyewe zilitengenezwa ili vipimo visizione. Farasi wa Servis, Maximum Security, alikuwa akipewa dawa ya namna hiyo na akishinda mbio kubwa wakati mtaa mzima unaamini maabara. Kama wasingesikiliza simu, wangekuwa wanashinda mpaka leo, na wewe na mimi tungekuwa tunabeti dhidi yao.

Ndiyo maana nasema ulinzi, na siusemi wa bunduki getini. Hong Kong farasi wanakaa katika mabanda ya klabu inayoandaa mbio. Madaktari wa mifugo wameajiriwa na klabu, mkufunzi hana daktari wake wa mfukoni. Na kila farasi anayekimbia anapimwa kabla ya mbio, ili mwenye dawa aondolewe wakati tiketi bado inaweza kurudishiwa pesa. Huko Marekani, kwa miaka mingi kila jimbo lilikuwa na kanuni zake. Mamlaka moja ya nchi nzima, HISA, imeanza kusimamia dawa Mei 2023 tu.

Mchangiaji, Makorora

Hong Kong kaka ni pesa. Wana uwanja wa Sha Tin na wa Happy Valley, farasi wote wako chini ya klabu moja. Marekani kuna viwanja vidogo vijijini, farasi anasafirishwa kwa gari usiku kucha, anafika asubuhi, anakimbia jioni. Hapo utaweka banda la klabu wapi? Nakubali la daktari kutokuwa wa mkufunzi. La kupima wote kabla ya mbio sioni litawezekanaje kila mahali.

Mleta mada, Ngamiani

Haliwezekani kila mahali, ni kweli. Basi tujue ni wapi linafanyika na wapi halifanyiki, hilo halihitaji pesa nyingi. Kampuni za kubeti zinatuuzia mbio za viwanja hivyo vyote kwenye orodha moja, Hong Kong na kiwanja kidogo kisicho na daftari getini, kwa maandishi yale yale na rangi zile zile. Ombi langu kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni dogo: tiketi ya farasi iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, kwamba matokeo yakibadilishwa baadaye kwa sababu ya dawa mteja halipwi, na kama farasi wa mbio hizo wamepimwa kabla au la. Atakayenunua anunue akijua.

Mchangiaji, Chumbageni

Waandike pia nani analipa walinzi.

Mchangiaji, Pongwe

Na wasiandike nyuma ya tiketi. Nyuma hakuna anayesoma.