Fundi bustani kaliua kangaga langu (fern) la miaka 3 halafu ananiambia nilikuwa namwagilia maiti!!

Wadau naandika mikono inatetemeka mnisamehe makosa. Yule jamaa mnamjua, simtaji, yule wa kofia ya majani anayezunguka mageti yote ya Arusha akijiita mtaalamu wa bustani, leo nimemuita aje KUFYEKA NYASI. Nyasi tu. Kwenye kibaraza sikumtuma. Nimeingia ndani kumchemshia chai, natoka nakuta kakalia stuli yangu panga mkononi, kangaga langu liko sakafuni vipande vitatu, ananiangalia kwa huruma kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba, "pole dada, hapa ulikuwa unamwagilia maiti".

MAITI!!

Lile ni Drynaria volkensii, kangaga la milimani kwetu kabisa, jina lenyewe ni la yule Mjerumani Volkens aliyekuja kuchunguza mimea ya Kilimanjaro miaka ya 1890. Nililitoa Marangu kwa bibi, mparachichi wa zamani pale kihambani uliangushwa na masika, tawi likawa linaenda kuwa kuni, nikaomba kipande cha urefu wa kidole, nikakifunga kwenye gogo kwa uzi wa kuvulia samaki na makumbi ya nazi niliyoagiza Tanga, na hayo makumbi nililoweka siku 4 nabadilisha maji ya mvua kila siku kwa sababu ya pwani yana chumvi. Miaka 3! Limepanda gogo lote limekaribia dari, shina lina manyoya ya kahawia nene kama mkia wa paka, asubuhi nalisalimia lenyewe kwanza ndo namsalimia mume wangu.

Sasa mtaalamu wenu kaona majani makavu kaamua limekufa. Jamani Drynaria ina majani ya aina MBILI! Yale mafupi yanayokumbatia shina yanakauka mapema na hayadondoki, ndo kikapu chake hicho, yanadaka takataka zinazoanguka kutoka juu zinaozea humo ndo mbolea na unyevu, maana kule mtini udongo litautoa wapi. Yale marefu ya kijani kiangazi yanapukutika vinabaki vijiti, mvua zikirudi linachipua. LIMELALA. Yeye kikapu chote kakibandua jani moja moja kama anamenya kitunguu, "nimekusafishia dada".

Majani mawili ya kijani yaliyokuwa yamebaki kayageuza kaona vidoa nyuma, eti wadudu, kapuliza dawa ya mbu. Ya MBU. Ule ni unga wa uzazi, kangaga halina ua wala mbegu, na vile vidoa vimekaa kwa mpangilio kama vifungo vya shati, wadudu walijipanga hivyo lini?

Halafu vipande kavifukia kwenye ndoo ya udongo na samadi ya ng'ombe, shina zima chini, kapigapiga kwa kiganja kama anafunika kaburi, akamalizia na ndoo ya maji. Shina la kangaga la kukaa mitini linataka hewa, ukilizika linaoza. Yaani lilikuwa hai, yeye ndo alikuwa analifanya maiti! Na anataka elfu 30 ya "kuokoa ua". Nimempa elfu 10 ya nyasi. Kafika getini kamwambia dada wa jirani kwa sauti, "huyu mama alikuwa anamwagilia maiti". KARUDIA. Na kacheka.

Nimefukua vyote, nimeosha samadi, nimevifunga upya. Kimoja ncha yake bado ina manyoya mabichi. Nani mwingine kafanyiwa na huyu mtu? Semeni.

mzee_wa_njiro: Pole sana. Ila elfu 10 nyasi? Mimi kanichaji 25. Uwanja wako una ukubwa gani?

Chalii Mtulivu: Nimesoma hadi katikati nikijua bibi ndo kafariki, nimeshaandika R.I.P. Kumbe jani.

MamaShamsa: Chalii nyamaza kama huelewi. Dada pole, huku Unguja tuna ndugu yake, la majani yenye vidole linatambaa kwenye minazi, mimi langu liko kwenye mnazi wa uani hata silimwagilii. Usikaze uzi sana, na waya wa shaba usiuguse, unaua. Kila asubuhi rashia maji kidogo, kivulini.

Mleta uzi: Asante mama. Huyo Chalii ndo wateja wake hao.

fundi_dogo: Huyo huyo kanikatia mpera wangu ukiwa na maua, eti una popo. POPO si wanakuja kula mapera??

Neema_K: Kwangu kapanda michongoma kichwa chini. Sitanii. Mizizi juu.

Chalii Mtulivu: Ila tuseme ukweli, ua kavu kiangazi chote unalimwagilia, jamaa kakosea nini? 😂

Mleta uzi: KAKOSEA KULIGUSA. Nilimuita nyasi!

Bwawa_Kavu: Mi nimekwama kwenye makumbi. Siku 4 unabadilisha maji kila siku? Sisi huku bomba halijatoa tone toka Jumapili, bili imekuja palepale. Hao watu wa maji ndo wa kufunguliwa uzi.

mzee_wa_njiro: Usiniambie bili! Ya kwangu mwezi huu utadhani naosha magari ya mnada.

Neema_K: Na wakija kusoma mita hawaingii, wanachungulia getini wanaandika.

MamaShamsa: Tulikuwa tunaongea kangaga jamani.

fundi_dogo: Bili afadhali. Mimi jirani yangu ana mbuzi, kala mchicha, kala sukuma, jana kala kamba ya kuanikia na soksi mbili za mtoto. Nikisema, anajibu "mnyama hana akili".

Bwawa_Kavu: Mfungie ndani hadi alipe.

fundi_dogo: Nimemfungia toka jana, sasa amekula mlango.

mzee_wa_njiro: Ni beberu? Jirani anauza?