Acheni kurusha picha za magari ya watu na namba zake, mnatuletea wezi

Wakuu, salamu baadaye, leo nimevurugwa.

Kuna mtu kaipiga picha Toyota Altezza yangu ikiwa imepaki nje ninapoishi, Sinza, kairusha kwenye grupu la wapenda magari. Namba ya njano inasomeka mpaka herufi ya mwisho. Chini kaandika: "RS200 manyuo, gia sita, inalala hapa kila siku. Heshima kwa mwenye chuma." Heshima gani hiyo ya kumtangazia mtu anapolaza gari?

Wiki haijaisha naamka sina saiti mira wala taa za nyuma. Mira ya kulia hawakuifungua, wameing'oa. Nyaya zinaning'inia na rangi ya mlango imetoka na kipande cha plastiki. Namba nilishachora kwenye vioo kama Dar nzima tunavyofanya, sasa sijui zinamtisha nani.

Najua wajuaji mnakuja: "Mkuu, mjini hapa hata kigari kama IST kinaibiwa vioo." Sawa, lakini mwizi wa IST anabeba anachokikuta njiani. Huyu wa kwangu alijua anachofuata. Taa za nyuma za Altezza ziliigwa dunia nzima, mpaka Marekani watu wakafunga za mtindo ule kwenye magari yasiyohusika kabisa. Usipate shida kuuliza soko lake liko wapi. Nenda maduka ya spea pale Gerezani, Kariakoo, ukaulizie, uone utakavyoambiwa "subiri kidogo bosi" halafu dogo anatokomea uchochoroni. Unaweza kuuziwa cha kwako mwenyewe na ukashukuru.

Na mnavyopenda kuonyesha kwamba mnajua! Altezza ikipita, wengi wanaona Altezza tu. Nyie ndio mnaokuja kufafanua kwamba hii si AS200 yenye injini ya 1G, hii ni RS200 yenye injini ya 3S-GE Beams, nguvu za farasi 210, spea zake adimu. Juzi mmemfanyia hivyo hivyo jamaa wa Subaru Forester STI, ile SG9. Mmoja kaanza na breki za Brembo, mwingine kachungulia ndani kaona viti vya Recaro, wa tatu anauliza ufukweni Coco huwa anakuja saa ngapi. Mnamhesabia mwizi mali, yeye abaki kuchagua tu.

Wajapani wenyewe, wenye magari haya, nendeni mkaangalie picha za Daikoku kule Yokohama. Maegesho yamejaa GT-R na Supra, watu wanapiga picha usiku, lakini wengi wao kabla ya kurusha wanaziba namba. Ni kidole tu kwenye simu, sekunde hazifiki kumi.

Sisi zamani tukikutana pale makutano ya Morocco, Kinondoni, tunapigiana taa, mmoja anakanyaga kidogo mwenzake asikie mlio, kila mtu anaenda zake. Ukitaka picha, subiri mwenyewe aje umwombe. Hata mimi ningekufungulia boneti.

Admin wa lile grupu nimemfuata inboksi aifute, kanijibu na kikatuni cha kucheka. Mpaka naandika hapa picha bado ipo, na jana kuna mwingine kaja chini yake kuuliza kama ringi ni orijino.

We uliyeipiga unajijua. Futa.