Naombeni ushauri: hatugombani ila hatuongei, na presha yangu haishuki

MamaV_Majengo:
Habari za jioni wakuu. Niko Moshi, Majengo, nina miaka 39, watoto watatu, mume wangu anaendesha kosta ya Moshi Arusha. Hatuna ule ugomvi wa kutupiana vyombo, hajawahi kuninyanyulia mkono na hela ya matumizi anaacha mezani kila asubuhi. Shida ni kwamba hatuongei. Ilianza alipofiwa na baba yake, ukoo wakakaa kikao cha kihamba, yaani shamba la ukoo, kule Kibosho, yeye akaamua tujenge huko, akachukua pesa yetu wote ya kikoba akanunua tofali na mabati, mimi nikaja kuambiwa na shemeji. Nikamuuliza, akanijibu mambo ya kihamba sio ya wanawake. Tangu hapo kila mtu na lake. Sasa hivi chakula kikiiva namtuma mtoto wa mwisho "mwambie baba ugali tayari", na yeye anamjibu mtoto "mwambie mama ntakula baadae", wote tuko sebule hiyo hiyo na mtoto kasimama katikati anatuangalia.

Kilichonifanya niandike ni mwili. Saa nane usiku nimeshaamka, nikisikia geti tu moyo unaenda mbio, kisogo kinauma, tumbo linajaa. Presha nilipimwa 156 kwa 98, nikaanzishwa dawa na nakunywa kila siku, lakini nikirudi kliniki bado iko juu, wanaangalia kadi wanaandika, anayefuata. Ila nilipoenda kwa dada yangu anayeishi Sakina, Arusha, kwenye kipaimara cha mtoto wake nikakaa wikiendi, aisee nililala mpaka asubuhi na kichwa hakikuuma kabisa. Ndio nauliza, ndoa inaweza kumpandishia mtu presha kweli au ni ugonjwa tu wa kurithi maana hata mama yangu alikuwa nayo? Na je nihamie kwa dada kwa muda?

Meku_Kiboriloni:
Pole sana mwanangu. Ndoa ina majira yake. Anakuachia matumizi, hanywi akakupiga, wangapi wanatamani hicho? Vumilia, mwombe Mungu, atarudi mwenyewe.

Chalii_Ngarenaro:
Shikamoo mzee wangu, kwa heshima zote hapo siko na wewe. Huyu mama haulizi kama mume ni mbaya, anasema mwili umekataa. Dada funga begi nenda Sakina, afya kwanza.

Nesi_Rau:
Pole dada. Mimi ni nesi, wagonjwa wa presha ndio nashinda nao. Ndiyo, inachangia. Sisemi ndoa peke yake ndio imekuletea, kama mama alikuwa nayo una asili hiyo, na chumvi na uzito navyo vina sehemu yake. Lakini mtu akikaa muda mrefu amejikaza kama anangoja kitu kibaya, mwili unamwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, mishipa inabana, moyo unasukuma kwa nguvu. Na presha kwa kawaida inatakiwa ishuke usiku mtu akilala, sasa wewe usiku ndio uko macho unasikilizia geti, mwili unapumzika saa ngapi?

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kule Marekani, ulitoka 2005, huwa nawasimulia sana wagonjwa wangu. Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walichukua wanandoa 42, wakawatengenezea vilengelenge vidogo mkononi, halafu wakawakalisha waongee, mara ya kwanza mazungumzo ya kutiana moyo, mara ya pili jambo wanalogombania. Vidonda vilichelewa kupona baada ya yale ya ugomvi, na wale wanandoa wenye chuki zaidi kwenye maongezi yao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wenzao. Ngozi ya mkononi dada! Haihusiani na kihamba wala kikoba ila ilijua nyumbani kukoje.

Dawa usiache hata siku moja, hata ukienda Sakina ukajisikia mzima. Na kama siku yoyote ikija kuwa kipigo au vitisho, ushauri wangu wote unabadilika, hapo ni kuondoka na kwenda dawati la jinsia polisi.

Mdau_Njiro:
Nakazia kwa nesi. Harvard wamefuatilia watu toka 1938, walianza na vijana wa kiume 724, wengine wanafunzi wa chuo, wengine wa mitaa ya maskini pale Boston. Walipofika miaka 80 ikaonekana, kuridhika kwao na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 kulibashiri afya ya uzeeni kuliko hata kolesteroli yao ya wakati ule. Na usidhani maana yake ni kuwa na cheti cha ndoa tu, waliozeeka vizuri ni wale waliokuwa na mtu wa kumtegemea siku ikiwa mbaya, kugombana kidogo kidogo hakukuwa tatizo.

BabaK_Sinoni:
Hao 724 ni wanaume, hilo tusiliruke. Shemeji nisikilize kidogo kama mwanaume wa huku huku. Pesa ya kikoba alikosea, nakubaliana na wewe moja kwa moja, na lile neno kuhusu wanawake ndio baya zaidi. Lakini angalia muda, kazika baba, kwenye kihamba hicho hicho kuna kaburi bado bichi na ndugu wote wanamwangalia yeye ataendeleza nini. Mwanaume wa mlimani akifiwa hapewi nafasi ya kulia, anapewa majukumu. Amelia lini huyu? Anatoka alfajiri anakaa kwenye usukani mpaka usiku, akirudi anaongea na mtoto tu. Hiyo nyumba ina wagonjwa wawili, tofauti ni kwamba wewe umepimwa. Yeye presha yake imeangaliwa lini?

MamaV_Majengo:
BabaK umenigusa. Hajapimwa, hata mie sijawahi kuliwaza hilo, na amekonda. Ila nashindwa pa kuanzia, nikifungua mdomo tu najua itakuwa matofali.

Nesi_Rau:
Basi usianzie kwenye matofali. Anza na presha. Kopa mashine au wote mwende duka la dawa Jumapili kabla ya chai. Mkae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mpimwe wote wawili. Mwambie tu "baba V, nataka tupimwe wote, naogopa". Hilo neno naogopa usilifiche, ni la kweli na halimshitaki. Ya pesa mtaongea siku nyingine, na lazima muongee, usije ukaizika.

Nyongeza kidogo, 2006 James Coan na wenzake waliwaweka wanawake 16 walioolewa kwenye mashine inayopiga picha ubongo, wakaambiwa wanaweza kupigwa shoti mguuni. Mtu aliposhikwa mkono na mume ubongo wake ulitulia zaidi kuliko aliposhikwa na mtu baki, na wenye ndoa nzuri ndio walitulia zaidi. Akivaa ule mkanda wa mashine mshike mkono mwingine, kama moyo wako unakuruhusu.

Chalii_Ngarenaro:
Kwa hiyo Sakina asiende?

Nesi_Rau:
Aende kupumzika, wikiendi moja moja, ila amuage mumewe kwa mdomo wake, sio kwa kumtuma mtoto. Huyo mtoto mtoeni hapo katikati mapema, naye ana mwili.

Meku_Kiboriloni:
Nimesoma yote. Mwanangu, mlipofunga ndoa mlikuwa na wasimamizi. Ikishapita hiyo Jumapili, muiteni yule mzee msimamizi aketi na mumeo kwanza, wanaume wawili, waongee habari za marehemu kabla ya habari za pesa. Halafu ndio mkae wanne, nyinyi wawili na wasimamizi wenu. Kihamba wewe ndio utakaa na watoto wako, una haki ya kuulizwa, na mzee mwenzangu yeyote mwenye busara atamwambia hivyo.

MamaV_Majengo:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Msimamizi wetu yupo Kibosho, nina namba yake. Mashine ya presha nitaazima kwa jirani, Jumapili mume hana zamu. Nesi, nikipata namba zetu nikuwekee hapa uziangalie?

Nesi_Rau:
Usiweke hapa. Andika kwenye daftari, asubuhi na jioni wiki nzima, peleka kliniki na umwambie daktari kuhusu usingizi na geti, usimwache aseme anayefuata kabla hujamaliza. Ila ikifika 180 kwa 120 na kifua kinabana au upande mmoja unakufa ganzi, usisubiri kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo.