Ushauri: Je, tununue hisa za The Metals Company, kampuni inayotaka kuchimba madini ya kilindini?

Mwalimu_Mtwapa

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sisi ndugu watatu hatujafikia uamuzi. Tulikubaliana kuweka akiba ya pamoja ili tumalizie nyumba ya kupangisha ambayo imesimama kwenye lenta huko Mtwapa, na fedha hizo, ambazo ni kama dola 9,000, ziko kwa dada yetu mkubwa anayeishi Texas. Sasa dada anapendekeza ujenzi usubiri, na fedha zote zinunue hisa za The Metals Company, zinazouzwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, Marekani, kwa alama ya TMC. Kampuni hiyo inataka kuvuna vinundu vya madini vilivyolala kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki, katika eneo la Clarion-Clipperton kati ya Hawaii na Mexico, kwenye kina kinachozidi mita 4,000.

Hoja yake ni kwamba mwishoni mwa 2024 hisa moja ilikuwa karibu dola moja tu, kisha mwaka 2025 ikapanda mara kadhaa baada ya Rais Trump kutia saini agizo la kuharakisha uchimbaji wa madini ya baharini. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Gawio la Safaricom nalielewa, lakini sielewi jinsi kampuni ambayo haijaanza kuuza madini inavyopewa thamani ya mabilioni. Je, tununue, tununue kidogo, au tuachane nayo kabisa?

Bahati_Njema

Mwalimu, nitangulize kusema kwamba ninazo hisa hizi, hivyo unipime ukijua hilo. Dada yako hajapotoka. Mwaka 2022 meli ya Hidden Gem ya washirika wao Allseas, ambayo zamani ilikuwa ya kuchoronga mafuta, ilishusha mtambo wa kukusanyia vinundu hadi chini na kupandisha zaidi ya tani 3,000 kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Kwa hiyo anayesema teknolojia hii ni ndoto anapaswa kueleza tani hizo zilifikaje juu. Juni 2025 Korea Zinc, ambao wamebobea katika kuyeyusha na kusafisha metali, waliweka takriban dola milioni 85. Agosti ikatoka tathmini ya awali ya NORI-D, sehemu ya sakafu ya bahari inayoshikiliwa na NORI, kampuni tanzu ya TMC, inayoupa mradi thamani ya sasa ya dola bilioni 5.5, huku uzalishaji ukitarajiwa kuanza robo ya mwisho ya 2027.

Mnunuzi wa leo analipia uwezekano wa mambo hayo kutimia. Yakishatimia, bei hii hutaiona tena.

Mhasibu_Kilindini

Nakubaliana na Bahati_Njema kuhusu tani 3,000, ila naomba tusiichanganye meli na hisa. Mradi unaweza kufanikiwa na mwenye hisa asipate kitu, na sababu yake iko kwenye hesabu za kampuni yenyewe.

TMC iliingia sokoni Septemba 2021 kwa kuungana na kampuni-ganda, yaani kampuni isiyo na shughuli, iliyoorodheshwa mapema kwa nia ya kutafuta nyingine ya kuungana nayo. Bei ya msingi ya hisa ilikuwa dola 10. Wawekezaji wengi wa lile ganda walichukua fedha zao na kuondoka, na baadhi ya waliokuwa wameahidi mtaji mpya hawakuuleta, hivyo kampuni ikaanza safari na fedha pungufu sana kuliko ilivyopanga. Kabla ya 2022 kwisha, hisa ilikuwa imeshuka chini ya dola moja. Dada anasimulia habari kuanzia pale bei ilipokuwa karibu dola moja. Aliyenunua kwa dola 10 anayo simulizi nyingine.

Tangu wakati huo kampuni imeishi kwa mikopo ya wanahisa wakubwa na kwa kuuza hisa mpya, nyingine zikiuzwa kidogo kidogo moja kwa moja sokoni. Baada ya muungano kulikuwa na hisa milioni 220 na ushei. Kufikia katikati ya 2025 zilikuwa zimezidi milioni 350. Hilo ni sawa na shamba la urithi ambalo kila mwaka anajitokeza mrithi mpya: mipaka ya shamba haijasogea, ila fungu lako limepungua. Aliyemiliki sehemu moja ya mia mwaka 2021 na hakuongeza hisa yoyote, sasa ana pungufu ya theluthi mbili ya sehemu hiyo. Zaidi ya hapo, zipo hati zinazowapa wenye nazo haki ya kununua hisa kwa dola 11.50, kwa hiyo bei ikipita hapo, hisa nyingine mpya zinaingia.

Zile bilioni 5.5 nazo zisomwe kwa utulivu. Hakuna mwenye fedha hizo benki. Ni mapato yanayokadiriwa kwa miaka mingi ijayo, yakapunguzwa kwa kiwango fulani ili yalinganishwe na fedha za leo, na yote yanategemea bei za metali ambazo mkadiriaji amezichagua.

Kuna jambo moja dogo ambalo familia nyingi hulipuuza. Hisa zitakuwa kwa jina la dada. Zikipanda na kuuzwa, kodi ya faida itadaiwa kwake. Likimkuta la kumkuta, ninyi wawili hamna karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa mna haki humo. Hata mkiamua kununua, andikianeni.

Kolwezi_Leo

Salamu kutoka Lubumbashi. Hapa kwetu kampuni hii husikika kila mtu anapotaka kuuambia ulimwengu kwamba kobalti ya Kongo haitahitajika tena. Ningependa mwalimu ajue kilicho ndani ya vinundu hivyo. Kwa uzito, manganisi ni karibu asilimia 30, nikeli asilimia moja na kitu, shaba inakaribia kiasi hicho, na kobalti ni kama asilimia 0.2. Mapato ya mradi, kwa hiyo, yanaegemea zaidi nikeli na manganisi.

Na nikeli imewaumiza wawekezaji wengi. Indonesia imeongeza uzalishaji hadi kushika zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, na mwaka 2024 hata BHP, kampuni kubwa mno ya madini, ilisimamisha shughuli zake za nikeli huko Australia kwa sababu bei hazikulipa. Upande wa kobalti, serikali yetu ilisimamisha usafirishaji Februari 2025 na kuweka mgao kuanzia Oktoba, bei ikapanda. Lakini bei inayopanda kwa amri ya Kinshasa inaweza kushuka kwa amri hiyohiyo. Isitoshe, magari mengi ya umeme yanayotengenezwa China yanatumia betri za chuma na fosfeti, ambazo hazina nikeli wala kobalti. Mimi nisingeweka mtaji wa nyumba hapo.

Bahati_Njema

Ndugu wa Lubumbashi, nikeli inatumika zaidi kwenye chuma cha pua kuliko kwenye betri, na Marekani inatafuta chanzo kisichopitia mikononi mwa China. Mteja wa namna hiyo haangalii bei ya soko la metali la London peke yake.

Sheria_ya_Bahari

Nimesoma yote kwa makini, na naona kila mtu amelizunguka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko nikeli: nani ana mamlaka ya kuipa TMC vinundu hivyo?

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya mataifa ni urithi wa pamoja wa wanadamu wote, na inasimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa yenye makao Kingston, Jamaica. (Kwa wasiojua, Tume ya Maandalizi iliyoiandalia njia Mamlaka hiyo iliongozwa kwanza na Mtanzania, Joseph Warioba.) TMC iliingia eneo lile kwa mlango huo, ikidhaminiwa na Nauru na Tonga. Juni 2021 Nauru ilitumia kifungu kinachotaka kanuni za uchimbaji zikamilishwe ndani ya miaka miwili. Julai 2023 ikapita na kanuni hazikuwapo. Nchi karibu 40 zinataka shughuli hii isitishwe au ingojee kwanza.

Ndipo kampuni ikageukia mlango wa pili. Marekani haijauridhia mkataba ule, na ina sheria yake ya 1980 kuhusu madini ya kilindini. Agizo la Trump lilitoka tarehe 24 Aprili 2025, na siku chache baadaye kampuni tanzu ya TMC ikawasilisha maombi ya kibali cha kuchimba kibiashara.

Sasa angalieni walio kwenye mnyororo wa kazi. Allseas makao yake ni Uswisi. Mpango wa kuyeyusha vinundu unaitegemea kampuni ya Japani. Korea Zinc ni ya Korea Kusini. Nchi zote tatu zimeuridhia mkataba ambao kifungu chake cha 137 kinakataza kutambua haki juu ya madini yaliyochukuliwa nje ya utaratibu wake. Kibali cha Washington kinaweza kutoka, na bei ikaruka siku hiyo. Lakini mwenye kiwanda Japani na benki inayotakiwa kukopesha mamia ya milioni watauliza swali nililouliza mimi.

Papua New Guinea ilishapitia njia iliyo karibu na hii. Serikali yake ilinunua asilimia 15 ya mradi wa Solwara 1 wa kampuni ya Nautilus Minerals, ambao ulikuwa ndani ya maji yake yenyewe na leseni ikiwapo. Mitambo ilitengenezwa, fedha zikaisha, na mwaka 2019 kampuni ikafilisika.

Mwalimu_Mtwapa

Nawashukuru sana. Nimezungumza na dada kwa muda mrefu usiku wa jana. Hakufurahishwa na habari za Nautilus, lakini suala la kuandikiana lilimgusa, na amekubali kuturudishia sisi wawili mafungu yetu ili fundi aendelee na paa. Fungu lake mwenyewe anasema atanunulia TMC, na hilo siwezi kumzuia, kwani ni mtu mzima na amelitolea jasho. Ameniomba niwaulize: aangalie nini ili ajue mapema mambo yakianza kwenda kombo?

Mhasibu_Kilindini

Kwa kila moja ya robo tatu za kwanza za mwaka kampuni hutoa taarifa iitwayo 10-Q, na ya mwaka mzima huitwa 10-K; zote zinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya mdhibiti wa masoko ya Marekani. Ukurasa wa kwanza unaonyesha idadi ya hisa zilizopo. Ailinganishe na ya robo iliyopita. Kisha atafute fedha zilizobaki na azigawe kwa kiasi kinachotumika kila robo, apate idadi ya robo zilizosalia kabla ya kampuni kulazimika kuuza hisa tena.

Sheria_ya_Bahari

Nami naongeza tarehe moja. Mkataba wa utafiti kati ya NORI na Mamlaka ya Kingston ulitiwa saini Julai 2011 kwa muda wa miaka 15, kwa hiyo muda wake unafika Julai 2026. Asome sehemu ya vihatarishi katika taarifa hiyo hiyo aone kampuni inasema nini kuhusu kuuongeza, na inasema nini kuhusu kuomba kibali Marekani wakati bado imeushika mkataba huo.